Stoo Imejaa, Mashine Bado Zipo Nje: Kipi Kiingie Ndani na Kipi Kibaki?

 

Msimu huu nimekuwa napigiwa simu sana na vijana, na swali ni moja: "Afisa, nimenunua pawatila, nina pampu mbili, mabomba ya kupulizia, tela, na sasa nimeongeza mashine ya kukatia nyasi. Stoo imejaa mbolea na mbegu. Hizi mashine niziweke wapi?"

Ni swali zuri, na ni dalili kwamba mnakua. Miaka michache iliyopita wengi wenu mlikuwa na jembe la mkono na bomba la mgongoni, vyote vinaingia nyuma ya mlango. Leo kijana ana vifaa vya mamilioni lakini stoo ni ile ile aliyojenga baba yake kwa ajili ya magunia ya mahindi.

Kabla sijaeleza cha kufanya, nianze na kosa langu mwenyewe, maana wengine mnaweza kulirudia.

KOSA NILILOFANYA

Kuna dada mmoja ninayemhudumia, analima vitunguu na nyanya bondeni. Alimaliza kulima na pawatila yake mwezi wa kwanza, mvua ikiwa inanyesha sana, na stoo ilikuwa imejaa. Akaniuliza afanyeje. Nikamwambia kirahisi tu: "Dada, tafuta nailoni nzito, ifunge yote, kaza kwa kamba mpaka chini, maji yasipite." Akafanya hivyo hivyo. Akaifunga vizuri kweli kweli.

Mwezi wa tano akaifungua ili aandae shamba la kiangazi. Alinipigia simu nikaenda. Aisee, niliona aibu. Ndani ya nailoni kulikuwa na matone kama kwenye mfuniko wa sufuria. Kutu imeshika waya za klachi na bolti. Mikanda ina ukungu. Kwenye filta ya hewa panya wamejenga na kuzaa. Mvua haikuingia hata tone, lakini unyevu uliopanda kutoka ardhini ulikosa pa kutokea. Mchana jua linapiga nailoni, ndani kunapata joto. Usiku kunapoa, mashine inatokwa jasho. Hivyo hivyo kila siku kwa miezi minne.

Fundi alichukua siku sita, nyingi zikiwa za kusubiri spea kutoka mjini. Kitalu chake cha vitunguu kilikuwa tayari kwa kuhamishwa, na miche haisubiri fundi. Ilibidi akodi pawatila ya jirani, alipe na vibarua juu yake. Hakunilaumu, lakini mimi najua ushauri ulitoka wapi.

Toka siku hiyo, mtu akiniuliza mashine ziwekwe wapi, namuuliza kwanza: kila kifaa kinaharibiwa na nini?

KIPI KINASTAHILI PAA?

Vijana wengi wanapanga stoo kwa bei. Kilichonunuliwa ghali kinaingia ndani, cha bei ndogo kinabaki nje. Wengine wanapanga kwa upya: kipya ndani, cha zamani nje. Njia zote mbili zinakupotosha. Jembe la diski la trekta ni ghali, lakini ni chuma kitupu. Ukilipaka grisi linakaa nje msimu mzima bila shida. Bomba la kupulizia ni la bei ndogo, lakini likipigwa jua miezi mitatu plastiki inakakamaa na kupasuka, na mipira ya ndani inakauka.

Mimi nagawa vifaa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza, lazima ndani: chochote chenye injini ndogo ya petroli, chochote chenye umeme, na chochote cha plastiki laini au mpira. Hapa kuna pampu ya maji, mashine ya kukatia nyasi, jenereta, mabomba ya kupulizia, betri, mipira ya kumwagilia na mikanda.

Kundi la pili, paa linatosha, ukuta sio lazima: pawatila, trekta, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, planta. Hizi zinahitaji kukingwa jua na mvua, lakini zinapenda hewa.

Kundi la tatu, zinaweza kukaa nje kabisa zikiandaliwa: jembe la trekta, haro, fremu ya tela, magurudumu ya chuma ya pawatila, mapipa matupu.

Chukua karatasi uandike vifaa vyako katika makundi hayo. Mara nyingi utakuta kundi la kwanza lote linaenea kwenye kona moja ya stoo, tena mengi yananing'inia ukutani. Kilichokuwa kinajaza stoo ni kundi la tatu.

KABLA YA KUHIFADHI: ANDAA KWANZA

Stoo nzuri haiokoi mashine iliyoingizwa ikiwa chafu. Udongo unashika maji, mabaki ya dawa na mbolea yanakula chuma. Osha, acha ikauke juani, kisha fanya haya:

Injini za petroli (pampu, jenereta, mashine ya kukatia nyasi). Kama haitatumika zaidi ya mwezi mmoja, usiache petroli ndani. Petroli ikikaa inachacha, inaacha utando kama gundi kwenye kabureta, na ndio maana pampu iliyofanya kazi vizuri mwaka jana inakataa kuwaka ukiihitaji. Mwaga petroli ya kwenye tanki ndani ya dumu safi, kisha washa injini mpaka izime yenyewe kwa kukosa mafuta. Ikishapoa, fungua plagi, tia oili safi kama kijiko kimoja cha chai kwenye tundu, vuta kamba ya kuwashia taratibu mara tatu au nne, rudisha plagi. Mwisho vuta kamba mpaka usikie inakuwa nzito, iache hapo hapo. Hapo valvu zimefunga na unyevu hauingii kirahisi. Hiyo ni kwa pampu nyingi na jenereta. Mashine ya kukatia nyasi inayotumia petroli iliyochanganywa na oili haina valvu za namna hiyo, lakini hatua za kutoa mafuta na kutia oili ni zile zile.

Kwa pampu, ongeza jambo moja: fungua koki ya chini ya pampu yenyewe, maji na tope vitoke vyote. Tope likikaukia ndani, feni ya kusukuma maji inaganda.

Injini za dizeli (pawatila, trekta). Hapa fanya kinyume: jaza tanki. Tanki likiwa nusu, hewa iliyobaki ina unyevu, unageuka maji na kuzama chini ya dizeli. Badilisha oili ya injini kabla ya kuhifadhi, sio baada, kwa sababu oili iliyotumika ina uchafu na tindikali inayokula vyuma vya ndani. Kama pawatila yako inapozwa kwa maji ya tanki la juu, yamwage yote, halafu funga kikaratasi kwenye mkono wa kuwashia: "HAINA MAJI". Usicheke. Nimeona injini ikiunguzwa na kijana wa kibarua ambaye hakuambiwa.

Betri. Itoe. Anza na waya wa hasi, malizia na wa chanya. Iweke mahali pakavu, mbali na moto. Betri inapungua nguvu yenyewe hata bila kutumika, na ikikaa muda mrefu bila chaji inakufa. Ukipima kwa mita, betri nzima ya volti 12 iliyojaa inasoma takriban 12.6. Ikifika 12.4 ipeleke ikachajiwe. Pima kila mwezi.

Tairi. Jaza upepo, kisha nyanyua mashine juu ya magogo au matofali imara ili uzito usikae sehemu moja. Kama hakuna kivuli, funika tairi kwa magunia. Jua linapasua mpira.

Mabomba ya kupulizia. Suuza mara tatu kwa maji safi, pitisha maji mpaka kwenye ncha, kisha ning'iniza bomba kichwa chini bila mfuniko. Maji ya kusuuza yamwage shambani kwenye zao lililopuliziwa dawa hiyo hiyo, usimwage mtoni wala karibu na kisima.

Majembe na haro. Kwangua udongo wote, paka grisi sehemu zinazong'aa, weka juu ya mbao. Na hili ni la usalama: usiache jembe limenyanyuliwa na haidroliki ya trekta. Lishushe mpaka chini. Mtoto anacheza anagusa mkono wa haidroliki, jembe linashuka.

TURUBAI: NAMNA YA KUFUNIKA BILA KUOZESHA

Kama mashine lazima ikae nje, funika, lakini sio nilivyomwambia yule dada. Tengeneza kama paa dogo. Simika miti minne mifupi au weka fremu ya mbao juu ya mashine, tandaza turubai juu yake liwe na mteremko, na liishie kama sentimita 30 hadi 40 kutoka ardhini pande zote ili hewa ipite chini. Turubai lisilale juu ya injini. Chini ya mashine weka kokoto au mbao. Bomba la moshi lizibe kwa kopo, na kumbuka kulitoa kabla ya kuwasha.

Kila baada ya wiki mbili, siku ya jua, fungua saa chache. Angalia panya, angalia kutu.

BANDA LA PEMBENI

Kwa wenye pawatila au trekta, suluhisho la kudumu ni banda la kuegemea ukuta wa nyumba au stoo. Halihitaji kuta nne. Unahitaji nguzo za mlingoti, kenchi chache na bati.

Pima kwanza. Usikisie. Chukua futi kamba, pima urefu na upana wa mashine pamoja na mikono yake, kisha ongeza nusu mita kila upande ili mtu apite akiwa na spana. Pima pia urefu wa kwenda juu, maana trekta lenye bomba la moshi la kusimama limeshawashinda wengi mlangoni baada ya banda kukamilika.

Nyanyua sakafu kama sentimita 15 kwa udongo wa kushindilia na kokoto juu. Chimba mfereji upande wa mlimani. Tazama mvua za kwenu hupiga kutoka upande gani, huo ndio uzibe kwa bati au mabanzi. Pande nyingine ziache wazi. Nguzo zipake dawa ya mchwa sehemu inayoingia ardhini. Na mteremko wa paa umwage maji mbali na stoo ya mbegu.

Kama hela haitoshi mwaka huu, jenga nguzo na paa kwanza. Sakafu na upande wa kuziba vitafuata. Paa ndilo linalookoa.

VITU AMBAVYO HAVIKAI PAMOJA

Hapa naomba tusikilizane vizuri, maana stoo ikijaa ndipo watu wanapochanganya.

Mbolea na mashine: hapana. Mbolea inavuta unyevu hewani na vumbi lake linakula chuma. Pampu iliyokaa msimu mmoja karibu na mifuko ya urea utaijua kwa kutu.

Mbolea na mafuta: hapana kabisa. CAN ina nitreti ya amonia ndani yake. Ikimwagikiwa petroli au dizeli, au moto ukitokea, inachochea moto uwe mkubwa zaidi. Dumu la petroli halikai juu ya mfuko wa mbolea, wala chini yake, wala pembeni yake.

Dawa na mbegu au chakula: hapana. Dawa ziwe na kabati lake lenye kufuli, watoto wasifike.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi. Vijana wengi wakiona stoo imejaa, na kwa kuogopa wezi, wanaingiza pampu na pikipiki ndani ya nyumba ya kulala. Pampu chini ya kitanda, dumu la petroli nyuma ya mlango, na usiku kibatari au jiko la mkaa linawaka chumba hicho hicho. Mvuke wa petroli hauonekani, ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mpaka ukute moto. Wezi wanachukua pampu; moto unachukua familia. Kama huna namna na lazima pampu ilale ndani, basi tanki liwe limekaushwa kabisa, na dumu la petroli likae nje mahali penye kivuli na kufuli. Na usiwashe jenereta au pampu ndani ya chumba hata kwa kujaribu, hata madirisha yakiwa wazi. Moshi wake unaua mtu akiwa anasinzia.

NA WEZI JE?

Swali la haki. Mashine ikiwa bandani wezi wanaiona. Nifanyeje?

Kwanza, piga picha kila mashine na uandike namba ya injini na ya fremu kwenye daftari, pamoja na risiti. Mashine ikiibiwa ukaenda polisi bila namba, huna cha kuonyesha.

Pili, chimbia ndoano ya chuma kwenye zege, pitisha mnyororo kwenye fremu, sio kwenye tairi, tairi linafunguliwa.

Tatu, toa kitu kidogo kinachofanya mashine isiwake, kwa mfano plagi au mkono wa kuwashia, kihifadhi ndani. Mwizi anayesukuma pawatila kwa mkono usiku hafiki mbali.

Nne, ungana na wenzako. Vijana wanne wenye pawatila kila mmoja wanaweza kujenga banda moja kubwa na kulipa mlinzi mmoja. Mkifanya hivyo, au ukikodi nafasi kwenye ghala la mtu, andikianeni. Nani anaweka nini, kwa muda gani, analipa kiasi gani, na nani anawajibika kikipotea. Sainini mbele ya mtendaji wa kijiji. Urafiki mzuri unalindwa na karatasi.

KABLA YA KUJENGA, PUNGUZA

La mwisho, ambalo wengi hawalipendi. Ingia stooni uangalie vitu ambavyo hujavigusa misimu miwili. Ile pampu mbovu unayoitunza "kwa ajili ya spea" wakati sio aina moja na mpya uliyonayo. Yale mabomba manne yenye mipira iliyokatika. Vyote vinakaa chini ya paa wakati mashine inayokuingizia hela inanyeshewa.

Kinachotengenezeka, tengeneza. Kinachouzika, uza. Kisichofaa, wape wanunuzi wa chuma chakavu. Nimeona kijana amepata nafasi ya pawatila nzima bila kununua hata bati moja, kwa kutoa takataka tu. Hela ya chuma chakavu akanunulia grisi na mnyororo.

Mashine ya shamba haizeeshwi na kazi peke yake. Nyingi zinafia kwenye mapumziko, katika ile miezi ambayo mwenyewe amesahau kama anazo. Ukiwa na daftari la shamba, na najua sio wote mnalo, tenga ukurasa mmoja: mashine gani, imehifadhiwa lini, mafuta yametolewa au yamejazwa, betri imepimwa lini. Dakika tano kwa mwezi.

Yule dada, mnauliza? Ana banda sasa, la nguzo sita na paa la bati. Msimu uliopita pawatila yake iliwaka mara ya pili kuzungusha. Alinitumia video kwenye simu, hakuandika neno hata moja, ni mlio wa injini tu. Nikajua nimesamehewa.

Mwenye swali aniulize, au nikipita kijijini kwenu anisimamishe. Ukiwa na banda ulilojenga mwenyewe kwa gharama ndogo, nionyeshe nijifunze. Kazi njema, tuonane shambani.